Maswali ya Wasomaji: Kuvuka Bahari Iliyochafuka kwa Chombo Kidogo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa viazi mviringo na vitunguu hapa Uyole, Mbeya. Mshirika wangu aliyeko Mtwara anataka tuvuke pamoja na mzigo wetu hadi Moroni, Komoro, mwezi Julai, kwa meli ndogo inayobeba shehena na abiria wachache. Sijawahi kupanda chombo cha baharini, na basi likiteremka Kitonga huwa natapika kabla hatujafika Ruaha Mbuyuni. Mmoja ananishauri nisile kitu siku ya safari, mwingine ananiambia ninywe pombe kali nilale hadi tufike. Nishike lipi?

JIBU: Usishike lolote kati ya hayo mawili. Kinachokupata Kitonga na kinachowapata watu baharini ni ugonjwa mmoja, ingawa baharini hukaa muda mrefu zaidi na hakuna kituo cha kushukia. Ndani kabisa ya sikio mna vifereji vyenye majimaji, na karibu navyo vipo vipande vidogo sana vya chokaa, ambavyo kwa pamoja huuarifu ubongo kwamba kichwa kinageuka, kinapanda au kinashuka. Ukikaa ndani ya chumba cha meli, macho yanaona kuta na meza zimetulia, ilhali sikio linaarifu kwamba unapanda na kushuka. Ubongo hushindwa kupatanisha taarifa hizo mbili, na hapo huanza miayo, usingizi usio na sababu, jasho la baridi, mate kujaa kinywani, kisha kichefuchefu na kutapika. Watu ambao sehemu hiyo ya sikio imekufa kabisa hawaugui bahari, hata mawimbi yawe makubwa kiasi gani.

Kwenye kona za Kitonga mwili husukumwa huku na huku, lakini kwenye meli ndogo kinachotesa zaidi ni kule kupanda na kushuka kwa utaratibu. Imebainika kwamba mwendo unaochafua tumbo kuliko mwingine wote ni ule unaokamilisha mpando na mshuko mmoja kwa muda wa sekunde 5 hivi, na huo si mgeni kwa chombo kidogo kwenye bahari iliyo wazi. Anayetapika kwenye basi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutapika baharini, kwa hiyo jiandae kama mtu atakayeugua; usipougua, hutakuwa umepoteza kitu.

Kabla ya dawa yoyote, mimi ningeanza na mwezi wenyewe. Julai ni kipindi ambacho kusi, yaani upepo wa msimu utokao kusini, huvuma kwa nguvu. Kutoka Mtwara hadi Moroni ni karibu kilomita 370 kwa mstari ulionyooka, kuelekea mashariki na kusini kidogo, na meli inayokwenda kilomita 18 kwa saa itahitaji saa 20 au zaidi. Katika mwelekeo huo upepo wa kusi huwapiga kwa mbele, upande wa kulia, na chombo huinua omo, yaani sehemu yake ya mbele, na kuibwaga huku kikiyumba kulia na kushoto. Wakati wa kurudi upepo huwa nyuma yenu, na mateso hupungua. Viazi havisubiri, hilo linaeleweka, lakini vitunguu vilivyokaushwa vizuri husubiri, na kama mnaweza kuisogeza safari hadi maleleji, yaani kipindi ambacho pepo mbili hupokezana, mtakuwa mmejifanyia jambo kubwa kuliko kumeza kidonge chochote. Ningependelea maleleji ya Novemba kuliko ya Aprili, kwa sababu Aprili ingali ndani ya msimu wa vimbunga katika upande huo wa bahari, na Komoro iliwahi kupigwa na kimbunga Kenneth mwezi huohuo, mwaka 2019.

Iwapo lazima msafiri Julai, pigania nafasi ya kukaa. Meli huinuka na kushuka zaidi kwenye ncha zake mbili kuliko katikati, na huyumba zaidi juu kuliko chini, kwa hiyo mahali pa kulala ni katikati ya chombo, chini kadiri inavyowezekana, mbali na harufu ya dizeli na ya jikoni. Ukiwa macho, mahali pako ni sitahani, upande usiopigwa na upepo, ukitazama mbele pale bahari na anga vinapokutana, kwa kuwa mstari huo hauyumbi, na macho yakiushika huanza kukubaliana na sikio. Usisome, usiangalie simu, na usiiname kutafuta kitu ndani ya begi; kila utakachokihitaji kiwe mfukoni kabla hamjang'oa nanga. Usiku mstari wa upeo hauonekani, na dawa iliyobaki ni kulala chali, kichwa kikiwa kimeegemezwa kisigeuke, macho yakiwa yamefumbwa. Ukilazimika kutapika, tapikia kwenye mfuko au ndoo. Kuinama juu ya ukingo wa meli usiku, ukiwa umelegea na sitaha imelowa, ndiyo hatari halisi ya ugonjwa huu, na nahodha yeyote makini atakufokea ukijaribu.

Kuhusu chakula, tumbo tupu huugua kama lilivyo tumbo lililojaa, pengine zaidi. Kula kidogo saa 2 au 3 kabla ya kuondoka, chakula kikavu kisicho na mafuta mengi: mkate, viazi vya kuchemsha, ndizi mbivu, kisha endelea kutafuna biskuti kidogokidogo njiani. Chipsi mayai za stendi ziache kwa siku nyingine. Tangawizi, iwe mbichi au ya unga kwenye chai isiyo na maziwa, huwasaidia baadhi ya watu na haina madhara kwa wengi, hivyo ibebe. Kunusa ndimu nako hakudhuru, ingawa nisingekutegemea peke yake. Pombe haifai kabisa, kwa sababu huvuruga hayohayo majimaji ya sikioni, hukausha mwili, na ikichanganyika na vidonge vya safari huongeza usingizi kupita kiasi.

Vidonge vyenyewe hupatikana kwenye maduka ya dawa, na vinavyojulikana zaidi ni promethazini na sinarizini. Watu wengi huviharibu kwa kuvimeza wakiwa tayari wanatapika, wakati ambapo tumbo limekwisha kusimama na kidonge hakipiti kwenda kokote. Sinarizini humezwa saa 2 kabla ya safari. Promethazini, ambayo huleta usingizi mzito, mara nyingi humezwa usiku wa kuamkia safari. Jaribu dawa hiyo siku moja ukiwa nyumbani Uyole, siku usiyoendesha gari wala pikipiki, ili ujue inavyokupokea. Mweleze mfamasia kama una shinikizo la jicho, tezi dume iliyovimba, au unameza dawa nyingine yoyote. Tambua pia kwamba si kila dawa ya kuzuia kutapika hufaa baharini: metoklopramidi, ambayo wengi huandikiwa hospitalini, haisaidii sana hapa.

Ukitapika mara nyingi, shughulikia maji kabla ya kitu kingine chochote. Beba pakiti za ORS, au changanya lita 1 ya maji safi na salama na vijiko vidogo 6 vya sukari pamoja na nusu kijiko kidogo cha chumvi, kisha unywe funda mojamoja kila baada ya dakika chache. Ukinywa glasi nzima kwa pupa, itarudi ilikotoka. Na kama Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, achana na habari za kichefuchefu, usipande. Meli ya abiria MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe mwezi huohuo wa Julai, mwaka 2012, katika upepo mkali, ikiwa kwenye njia fupi kuliko hiyo yako.

SWALI: Naishi Makambako na nina watoto wawili, mmoja wa mwaka na nusu, mwingine wa miaka saba, aidha, nina ujauzito wa miezi minne. Tunakwenda Pemba kwenye harusi ya wifi yangu. Niwape watoto dawa gani?

JIBU: Dada, mdogo huenda asihitaji dawa yoyote, kwa kuwa watoto walio chini ya miaka miwili huugua kwa nadra, na promethazini hairuhusiwi kwa umri huo. Wa miaka saba ndiye wa kuangaliwa, kwani watoto wa miaka 2 hadi 12 huathirika kuliko watu wazima. Dawa na kipimo chake vitoke kwa daktari au mfamasia atakayeujua uzito wa mtoto, na kidonge cha mtu mzima kisikatwe nusu kwa kukadiria. Wewe mwenyewe usimeze chochote kabla ya kuuliza kliniki unakohudhuria, maana ujauzito peke yake huongeza uwezekano wa kuugua. Msije mkadanganywa na utulivu wa mwanzo mkiondoka Unguja: boti hupita magharibi ya kisiwa, ambako nchi kavu huwakinga na kusi, lakini mkishaipita Nungwi kinga hiyo huisha. Mtoto awe ameshatoka nje kupunga hewa kabla ya hapo, akitazama mbali, si katuni kwenye simu.

SWALI: Mimi ni kijana wa Tukuyu, nataka kusomea ubaharia Dar es Salaam. Nilipanda meli ya Ziwa Nyasa kutoka Kyela kwenda Mbamba Bay, nikatapika tangu Lupingu. Je, niiache ndoto hii?

JIBU: Hapana, mdogo wangu. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin aliizunguka dunia kwa meli kuanzia 1831 hadi 1836 akiugua karibu kila bahari ilipochafuka, na yapo maelezo yake kwamba biskuti na zabibu kavu ndivyo vitu ambavyo tumbo lake lilivikubali. Amiri Nelson wa Uingereza naye aliugua bahari katika utumishi wake wote. Wengi huzoea ndani ya siku 2 au 3 za safari mfululizo, kwa sababu ubongo hujifunza mwendo mpya. Ndiyo maana watu wengine, wakishuka gatini, huhisi ardhi inayumba kwa saa kadhaa. Mazoea hayo hufifia ukikaa nchi kavu kwa majuma mengi. Safari yako ya ziwani ilikuwa kipimo kigumu, kwani upepo wa kusini husafiri juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 na mawimbi yake huwa mafupi na yenye kuchongoka. Rudia safari hiyohiyo mara chache kabla ya kutuma maombi, ukimeza dawa mara ya kwanza na kuiacha baadaye, na uombe ruhusa ya kusimama sitahani kwa muda mrefu. Ikiwa kila safari unatapika kwa kiwango kilekile bila nafuu yoyote, kazi za chumba cha injini, ambako upeo hauonekani na harufu ya mafuta ni kali, ziwe za mwisho kuzifikiria.