Taa za dagaa zilifika ziwa limefungwa

Mwisho wa Mei 2024 nilipokea maboksi 140 ya taa za sola hapa Kibirizi, Kigoma, zile wanazowasha wavuvi wa dagaa usiku wa giza. Taa nzuri kweli. Ila tarehe 15 mwezi huohuo serikali ilikuwa imefunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi 3. Mitumbwi imelala mchangani, taa ya nini? Nilijaza duka, zilizobaki nikapeleka nyumbani, mke wangu akawa anapita kiubavu kwenda jikoni.

Nilikuwa nimeziagiza China, Januari. Anayeagiza China mara ya kwanza huuliza swali moja tu: meli inachukua siku ngapi? Ataambiwa mwezi na kitu, na jibu hilo halimsaidii. Meli ikishang'oa nanga mambo ni mepesi. Siku zinazokula hela ni zile kontena limekaa chini.

Mimi nilichangia kontena la futi 40 na wenzangu tisa. La kuchangia halifungwi mpaka lijae, na tarehe 10 Februari ulikuwa Mwaka Mpya wa Kichina: viwanda vimefungwa, wafanyakazi wameenda kwao. Likajaa Machi. Hapo nafasi melini ikawa ya kugombania. Tangu mwisho wa 2023 Wahouthi, waasi wa Yemen, walikuwa wanashambulia meli Bahari ya Sham, kampuni nyingi zikaacha Mfereji wa Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini mwa Afrika. Nilizisikia habari hizo redioni nikahamisha stesheni. Mzigo wa China kuja Dar unakata Bahari ya Hindi, haukaribii Suez, yananihusu nini? Kumbe meli ya Ulaya ikichelewa siku kumi au zaidi njiani, inachelewa pia kurudi Asia na makontena yake matupu. Yaliyopo yanagombewa, nauli inapanda, hata yako wewe wa Kigoma.

Dar nako, mmoja wetu alikuwa ameandikisha vyombo vya plastiki, kumbe ndani kuna simu. Forodha wakazuia kontena zima. Gharama za kukaa bandarini tulichanga wote, yeye hapatikani hewani mpaka leo.

Kwa hiyo kabla hujamlipa wakala anayekusanya mizigo ya kontena, muulize: likizuiwa kwa kosa la mwingine, nani analipa? Akuandikie. Na mzigo wako ukikaribia meta za ujazo 15, anza kupiga hesabu ya futi 20 la peke yako. Kwa vipimo linabeba kama 33, lakini maboksi hayajipangi kama maji. Wewe weka 28.

Jingine ambalo wengi hatulijui: kontena si lako, ni la kampuni ya meli. Unaazimwa siku za kuhesabu, zikipita unalipa kila siku mpaka lirudi tupu. Kwetu sisi tulio zaidi ya kilomita 1,200 za reli kutoka Dar, kulileta mpaka huku ni kamari. Nashusha mzigo Dar, naupakia kwenye behewa au lori. Hapo ndipo maboksi hupungua, kwa hiyo weka ndugu yako mwenye kalamu asimame mlangoni, ahesabu yanapotoka na yanapoingia. Wajerumani walileta Kigoma meli nzima ikiwa kwenye masanduku kama 5,000, ndiyo hii MV Liemba iliyoingia majini 1915. Sijui nani alikuwa anawahesabia.

Sasa hivi naanzia ziwani narudi nyuma. Nataka taa ziwe dukani Novemba, basi hela inatoka Julai, na Desemba siagizi kitu.

Taa za yale maboksi 140 ziliuzika. Tarehe 16 Agosti nilifungua duka saa 11 alfajiri, wavuvi wakiwa tayari wamejaa barazani. Niliziuza kwa bei ya kununulia, maana jirani yangu wa mlango wa pili naye alikuwa nazo, tena nyingi kuliko zangu.