Hilux niliyoiinua inavuta kushoto na kula matairi kwa ndani. Kweli alaimenti haiwezekani?

SWALI: Habari fundi. Nina Hilux Vigo dabo kebini ya mwaka 2010, inayovuta magurudumu yote manne. Natumia zaidi barabara ya Iringa hadi Morogoro na njia za mashambani. Niliiinua mwaka jana: mbele ziliwekwa spesa (vipande vya kuinulia) za milimita 25 juu ya shokapu, ikapanda kama inchi 2. Nyuma nimeongezewa majani ya springi na shakeli ndefu (viungo vinavyoshika mwisho wa springi kwenye fremu), ikapanda karibu inchi 4 ikiwa tupu. Matairi ni 285/75R16. Tangu hapo inavuta kushoto, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na ikifika kilomita 90 kwa saa inaelea. Nikipakia magunia inatulia kidogo. Niliendesha kama miezi miwili kabla ya kwenda alaimenti (kupima na kunyoosha mkao wa magurudumu), na matairi ya mbele yameshalika upande wa ndani. Karatasi ya mashine inasema kasta kushoto 0.7, kulia 1.5; kemba kushoto -0.9, kulia -0.6, to iko kwenye kijani, yaani ndani ya kipimo. Fundi ameniambia gari zilizoinuliwa ndivyo zilivyo, nizoee. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na wewe mwenyewe umeshaandika sababu bila kujua: "nikipakia magunia inatulia." Nitaanza na hapo, kisha ndiyo twende kwenye mashine.

Kasta ni mlalo wa mstari unaopita bolijointi ya juu na ya chini (viungo ambavyo gurudumu la mbele hugeukia), ukilitazama gari kwa ubavu. Bolijointi ya juu ikikaa nyuma zaidi ya ile ya chini, kasta inaongezeka, na hiyo ndiyo inayorudisha usukani katikati na kuituliza gari kwenye mwendo. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele; ikiwa hasi, juu ya gurudumu kumeinamia ndani. To ni mwelekeo wa magurudumu ukiyatazama kutoka juu: yakielekeana kwa mbele ni to-ini, yakiachana ni to-auti. Sasa tazama fremu yako. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, Vigo ya dabo kebini ina milimita 3,085. Wewe umeinua nyuma inchi 2 zaidi ya ulivyoinua mbele, yaani kama milimita 50. Fremu nzima imeinamia mbele kwa karibu digrii 0.9, na kila kilichofungwa kwenye fremu kimeinama nayo, kasta ikiwemo. Ukipakia magunia, nyuma inashuka, fremu inanyooka, kasta inarudi. Ndiyo maana inatulia.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza haiko mbele kabisa. Toa hizo shakeli ndefu, rudisha za kawaida, upunguze jani kama bado imenyanyuka. Kama gari hubeba mzigo mzito kila siku, majani yabaki, lakini basi alaimenti ifanyike ikiwa na nusu ya mzigo wako wa kawaida, si tupu. Mimi sizipendi shakeli ndefu kwenye pikapu ya kazi. Zinainua gari kwa bei ndogo, kisha bei yenyewe unailipa kwenye matairi.

Wakati springi za nyuma zinashughulikiwa, hakikisha kichwa cha boliti ya katikati ya majani kimeingia sawasawa kwenye tundu lake juu ya ekseli. Pima kutoka katikati ya habu ya nyuma hadi boliti ya mbele ya springi, kushoto na kulia. Vipimo visipolingana, ekseli imekaa mshazari na gari linatembea upande upande kama kaa. Hapo utanyoosha magurudumu ya mbele mpaka uchoke, usukani utabaki umepinda. Kwa sababu hiyo sikubali alaimenti ya magurudumu mawili kwenye gari lililoguswa springi za nyuma. Dai ipimwe yote manne.

Tuje mbele. Kwanza pima urefu kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, pande zote mbili, gari likiwa kwenye sakafu iliyo sawa. Upande mmoja ukiwa chini zaidi ya mwingine kwa sentimita nzima, tafuta sababu kwanza: springi iliyochoka, spesa iliyokaa vibaya, au bushi zilizokazwa gari likining'inia kwenye jeki. Hili la bushi hufanyika kila siku. Bushi za mpira za mikono ya chini (vyuma vinavyounganisha gurudumu na fremu) hukazwa mwisho wakati gari limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza mkono ukiwa umening'inia, mpira unajipinda muda wote, unachanika mapema, na gari halikai kwenye kimo chake.

(Kwa wasomaji wanaotaka kuagiza spesa: kwenye Hilux hizi shokapu imefungwa katikati ya mkono wa chini, si mwishoni. Spesa ya milimita 25 inakupa karibu milimita 50 za kimo. Anayeagiza spesa nene ya inchi 2 akidhani atapata inchi 2 atapata karibu 4, na hapo ekseli fupi za mbele na bolijointi zitaanza kulia.)

Baada ya hapo nyanyua gari, tikisa bolijointi, tairodi (vyuma vya stelingi vinavyogeuza magurudumu), bushi za raki ya stelingi na beringi za habu. Chochote kinachocheza kibadilishwe kabla ya kupima, kwa sababu namba utakazopata gari likiwa limesimama hazitakuwa zile za barabarani.

Sasa namba zako. Gari huvuta upande wenye kasta ndogo. Kushoto una 0.7, kulia 1.5, tofauti ni 0.8, na hiyo peke yake inatosha kukupeleka kushoto. Juu ya hapo, barabara zetu zina mteremko wa kumwaga maji kuelekea pembeni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo barabara yenyewe inakuvuta huko huko. Dawa ni kuipa kushoto kasta kubwa kidogo kuliko kulia, kama digrii 0.3. Angalia sana unaposoma maelekezo kutoka Marekani: wao wanaendesha kulia, ushauri wao wa pande uko kinyume na wetu.

Vigo ina boliti mbili zenye kichwa cha yai kwenye kila mkono wa chini, moja mbele na moja nyuma. Hizo ndizo zinazorekebisha kasta na kemba, na ninashuku hazijawahi kuguswa kwenye gari lako. Wengi hugeuza tairodi, rangi ya to ikiwa kijani wanachapa karatasi. Boliti ya mbele ikivutwa ndani, bolijointi ya chini inasogea mbele na ndani kwa pamoja: kasta inaongezeka, na kemba yako hasi inapungua. Vyote viwili unavihitaji, kwa hiyo fundi aanze na hiyo ya mbele, kisha ya nyuma itumike kusawazisha. Kama boliti zimeganda kwa kutu ndani ya bushi, kama ilivyo kawaida kwa magari yaliyokaa pwani, zisilazimishwe kwa bomba refu. Zikatwe, ziwekwe boliti na bushi mpya.

Lengo langu kwa gari kama lako ni kasta isiyopungua digrii 2, nikipata karibu na 3 nafurahi zaidi. Kemba iwe karibu na sifuri, pande zote mbili zikikaribiana. Ukishusha nyuma na kutumia boliti, nategemea utafika. Usipofika, kuna mikono ya juu ya kubadilisha iliyotengenezwa kwa gari zilizoinuliwa, ambayo bolijointi yake imerudishwa nyuma. Ni ghali, usianze nayo.

To inakuja mwisho kabisa, kwa sababu kila ukigusa kasta au kemba, to inabadilika. Usukani unyooshwe na kufungwa, kisha tairodi zirekebishwe hadi jumla ya to-ini ya digrii 0.1 hadi 0.2. Dai digrii, si milimita. Milimita 2 zilizopimwa kwenye ukingo wa rimu si sawa na milimita 2 zilizopimwa kwenye uso wa tairi lenye kipenyo cha milimita 834 kama lako. Za kwenye tairi ni karibu nusu tu ya pembe ile.

Kuhusu tairi kulika kwa ndani, sidhani kemba ya -0.9 ndiyo mkosaji mkuu. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi. Kama kinateleza ukitoka ndani kwenda nje, lakini kinakwaruzwa ukitoka nje kwenda ndani, hiyo ni to-auti, na inaelekea ilitokea katika ile miezi miwili uliyoendesha kabla ya alaimenti. Ukitaka kujua kama tairi lenyewe linachangia kuvuta, badilisha ya mbele kushoto na kulia. Mvuto ukihama upande, tatizo ni tairi. Na kama rimu zako zimetokeza nje kuliko za awali, usukani utaendelea kufuata mifereji iliyochimbwa na malori kwenye lami hata baada ya yote haya. Hilo halina dawa kwenye mashine ya alaimenti.

Mwenye Land Cruiser ya 79 asifuate maelezo haya ya boliti. Ile ina ekseli nzima mbele. Kemba hairekebishwi, na kasta inarudishwa kwa bushi maalumu zilizotobolewa pembeni au kwa mabano ya kushusha mikono. Pia, ukiiinua, fito ya Panhard (chuma kinachoizuia ekseli isiyumbe kushoto na kulia) huivuta ekseli upande mmoja, kwa hiyo inahitaji fito ya kurekebisha urefu. Za zamani zenye majani mbele hutiwa kabari kati ya springi na ekseli.

Unapokwenda tena, mwambie fundi akuchapie karatasi ya kabla na ya baada, na usimame uone magurudumu yakigeuzwa kushoto na kulia juu ya sahani za kuzungukia. Bila kugeuza hivyo, mashine haiwezi kusoma kasta, na sahani zilizoganda kwa vumbi husoma uongo. Springi za nyuma zilizorekebishwa zikishatembea kilomita mia kadhaa, pima tena vimo vya pande zote nne. Vikiwa vimeshuka, rudi urekebishe kasta na to.