Usifungue chupa ya shoyu kabla hujaonja samaki

Zima jiko kwanza, salamu tutapeana baadaye.

Umesema umemkuta samoni supamaketi usiku amebandikwa stika ya nusu bei, pakiti imeandikwa 辛口, ukabeba nne. Leo unataka kumchambua uwe na sake fureku, yaani samoni aliyechambuliwa vipande vidogo (sake hapa ni samoni, siyo pombe), ya kulia wali wiki nzima, kwa kufuata video: kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya shoyu, ule mchuzi wa soya, viwili vya sake ya kupikia, hii sasa ni pombe ya mchele. Mkuu, hiyo video naijua. Yule jamaa mwenye aproni safi kama hajawahi kukaanga hata yai, namjua. Alinitia hasara ya yen 6,000, na heshima yangu ikaenda na chenji.

Hilo neno linasomeka karakuchi. Mimi nilifika Sapporo Kijapani changu chote nikiwa nimekitoa kwenye maboksi ya kari: amakuchi ni kari ya watoto, karakuchi ni kari ya pilipili. Na kwenye kari ndivyo ilivyo kweli. Nilipoliona kwenye samaki nikamuuliza mwenzangu wa bwenini, mtu wa miaka mitatu Japani. Akajibu bila hata kupepesa: "Pilipili hiyo, chukua." Mtoto wa Tanga naambiwa kuna samaki anauzwa na pilipili yake, nikatae?

Kumbe kwenye samaki karakuchi ni chumvi kali. Amakuchi ni chumvi kidogo, wala hana sukari yoyote. Ukienda kwenye chupa za pombe, karakuchi ni ile isiyo na utamu. Neno moja, rafu tatu, maana tatu. Wapo Wajapani, hasa wazee, ambao chumvi ikizidi kwenye chakula husema karai, neno lile lile la pilipili. Yule mwenzangu nilipomfuata baadaye kumdai maelezo, akaniambia yeye hali samaki.

Sasa sikiliza nilichofanya. Ilikuwa mwanzoni mwa Desemba, wakati masoko ya Hokkaido, kisiwa ilipo Sapporo, yamejaa samoni wa chumvi kwa ajili ya mwisho wa mwaka. Wapo hadi wale wazima wazima waliozikwa kwenye chumvi, aramaki, watu wanapelekeana zawadi. Nikanunua ubavu mzima wa karakuchi, karibu kilo mbili. Tarehe 9 Watanzania wa mjini tulikuwa tunakutana kwa ajili ya Uhuru, na mimi kwa mdomo wangu nilikuwa nimeahidi onigiri, yale matonge ya wali yenye kitoweo ndani, arobaini. Hakuna aliyenituma.

Nikamchemsha, nikatoa ngozi na miiba, nikamchambua vizuri kabisa. Hapo mtu mwenye akili angeonja. Mimi nikafungua video.

Chumvi, nikatia. Shoyu, nikatia, tena nilikuwa na usukuchi, ile ya rangi iliyopauka, nikajua imepauka kwa sababu haina makali. Uongo! Ile iliyopauka ndiyo yenye chumvi zaidi. Hata shoyu ya kawaida, kijiko kimoja cha chakula kina karibu gramu 2.6 za chumvi. Kisha sake ya kupikia, ryorishu, ile ya bei rahisi inayokaa karibu na siki. Hiyo nayo wameitia chumvi kiwandani, asilimia mbili au tatu, makusudi, isinyweke, ili isihesabiwe kuwa pombe na kutozwa kodi ya pombe. Hesabu mwenyewe: samaki aliyekwisha kutiwa chumvi, juu yake chumvi, juu yake shoyu, juu yake pombe ya chumvi. Halafu nikaikausha kwenye kikaango hadi maji yote yaishe, na maji yakiisha chumvi haiendi popote.

Siku yenyewe, dada mmoja wa Moshi alimega onigiri, akanyamaza, akaomba maji. Kaka wa Bagamoyo akauliza huyu ng'onda nimemtoa wapi. Mtoto wa miaka minne alimtemea mama yake kiganjani. Mimi nikajitetea kwamba ndivyo Wajapani wanavyokula. Mle ndani alikuwemo Mjapani mmoja, shemeji yetu. Aliinamisha kichwa kwa adabu akanywa chai vikombe vitatu.

Pesa nilisamehe. Kinachoniuma ni kwamba bibi yangu hajawahi kumtia papa mkavu chunguni bila kumloweka usiku kucha. Nimekua nikimwaga yale maji kwa mikono yangu mwenyewe. Nimevuka bahari, nikaona maandishi yenye michoro, nikamwamini mtu wa aproni nikamwacha bibi.

Ile shehena niliila hadi Machi. Nilikuwa naitumia kama chumvi kwenye maharage. Ukiweka kijiko cha chai kwenye sufuria si mbaya, nasema hivi bila kona ya mdomo kucheza.

Kwa hiyo wewe: samaki aive, achambuliwe, ONJA, ndipo ushike chupa. Onja nyama ya katikati ya kipande, siyo pembeni. Ukisikia chumvi imetosha, basi imetosha, video iseme itakavyo.

Na hizo pakiti nne usizipike leo. Ziloweke kwenye friji hadi kesho, katika maji yenye chumvi kidogo, gramu kumi hivi kwa lita moja, yaani kijiko cha chai na nusu. Ndiyo, maji ya chumvi kutoa chumvi. Nami nilimcheka bibi wa duka la samaki aliyenifundisha. Maji matupu huivua nje haraka, samaki akawa chapwa juu na ndani bado kali. Maji ya chumvi hafifu huivuta taratibu hadi ya ndani. Badilisha maji mara moja au mbili. Kisha mchemshe, usimchome, maji ya kuchemsha yatatoa nyingine. Akiwa bado wa moto mvue ngozi na miiba, mtie kwenye kikaango moto mdogo, mvuruge kwa vijiti vinne au vitano ulivyovishika pamoja. Mirini kidogo, kile kiungo kitamu cha majimaji, matone ya mafuta ya ufuta mwishoni. Acha akiwa bado na unyevu kidogo, usifike kwenye unga wa mbao. Shoyu? Umeshaonja? Haya, rudi ukaonje.

Siku nyingine tafuta pakiti iliyoandikwa 生鮭, namazake, ambaye hajatiwa chumvi. Vuli huko kwenu watakuwa wengi. Huyo ndiye hiyo video ilikuwa inamzungumzia, ila jamaa hakuona haja ya kutamka, alikuwa anapanga ufuta juu ya wali kwa koleo ndogo. Hata kwa huyo, mimi siku hizi kwa gramu 300 naanza na nusu kijiko cha chai cha chumvi, na shoyu ni matone tu ya harufu.

Uliuliza kama mirini ina pombe. Ile halisi, hon-mirin, inayo, karibu asilimia 14. Kama hutumii, weka sukari kidogo na tangawizi, inakubali.

Kulikuwa na swali jingine la mikrowevu, na jingine la ngozi, nimeshalisahau na sirudi juu kusoma. Kaziloweke.