Mbio za pikipiki Malindi: lawama si ya dereva peke yake

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapa vijana pikipiki zangu waendeshe bodaboda hapa Malindi na kuniletea hesabu jioni, na shughuli hiyo imenikalisha katika vikao vingi vya kusuluhisha familia baada ya ajali. Hakikosi mtu mzima wa kusema kwamba ajali haina kinga, nasi wote tukaitikia. Kwa aliyepasukiwa na gurudumu akiwa safarini, nakubali. Lakini vijana wawili waliopigiana simu, wakawekeana dau na kukutana usiku katika barabara ya Mambrui, ng'ambo ya daraja la Sabaki, walikuwa na kinga, tena ilikuwa mikononi mwa watu wengi.

Mwenye chombo ndiye anayeweza kujua mapema. Pikipiki ya mbio haifichiki: vioo vya pembeni vimeng'olewa, ekzosi imetobolewa ili ingurume, na rangi ya tangi imechubuka pale kifungo cha jaketi kinaposugua dereva anapolala kifudifudi kukwepa upepo. Ukiyaona hayo ukanyamaza kwa kuwa hesabu inafika kamili, basi unalo fungu lako.

Kijana atakuambia kwamba anaijua breki yake. Mwambie kwamba kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa mjini, chombo hupita karibu mita 14 kila sekunde, na kwa kilomita 100 hupita karibu mita 28, nazo huisha kabla vidole havijakaza breki. Kuanzia hapo, umbali wa kusimama hauwi mara mbili tu bali mara nne, tena kwenye lami kavu. Ukingoni ambako upepo umemwaga mchanga, tairi huteleza tu. Mzee anayevuka akitoka kuswali Isha hakuweka dau lolote.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inamruhusu hakimu kumfunga hadi miaka 10 anayesababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari. Mwenye chombo naye anaweza kushtakiwa alipe fidia pamoja na dereva. Wengi hujifariji kwa bima, ilhali mikataba mingi haifuniki mashindano, na kampuni ikilazimika kumlipa majeruhi inaweza kurudi kukudai wewe.

Kwa hiyo mimi huandikiana na kila kijana kwamba akikutwa kwenye mbio ananirudishia ufunguo siku hiyo hiyo, hata kama ni mtoto wa ndugu yangu (na hao ndio wasumbufu zaidi). Pikipiki isiyo na vioo haitoki uani kwangu, na usiku siiazimishi.

Ajali ikishatokea, msimvue majeruhi kofia kwa pupa, wala msimpakate kwenye pikipiki nyingine shingo ikining'inia. Tafuteni gari ambamo atalazwa. Polisi wapewe taarifa mapema, na isipite saa 24, kabla wazee hawajaanza kuzungumzia maelewano. Kikao kikifika, mimi hudai waitwe pia waliochanga dau na aliyeshika saa, nao watoe sehemu yao ya gharama za hospitali. Hufika wachache, wakiwa wamenuna, lakini hutoa.