Ushauri kwa Wanaoanza Kuwasikiliza Wanamuziki Weusi wa Klasiki na Jazi

Hunijia mara kwa mara vijana, wengi wao wanakwaya wa hapa Dar es Salaam na wachache wapiga gitaa wa bendi za dansi, wakiomba orodha ya wanamuziki weusi waliotunga au kupiga muziki wa klasiki na jazi. Orodha siwapi, wala si kwa uchoyo. Majina yaliyonakiliwa daftarini hayamfundishi mtu kusikia, na nimewaona wengi walioanza kwa njia hiyo wakiishia kuwataja kwa fahari watunzi ambao hawajawahi kusikiliza hata robo saa ya kazi zao. Ninachowashauri ni kuanza na kazi moja, kuisikiliza mpaka muweze kuiimba bila kuangalia popote, kisha kuwafuata watu walioizunguka: aliyeitunga, aliyeipanga, aliyeilipia, aliyeipiga mara ya kwanza, na yule ambaye jina lake liliachwa nje.

Kazi ya kwanza mnayo tayari, na mmeiimba tangu darasa la kwanza. Wimbo wetu wa Taifa umejengwa juu ya utunzi wa Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti huko Johannesburg, aliyeutunga mwaka 1897 kwa tonik solfa, maandishi ya do, re, mi yale yale ambayo walimu wengi wa kwaya jijini huyaandika ubaoni hadi leo. Kabla ya kwenda mbali, shikeni sauti ya nne peke yake, muiimbe mara kadhaa, kisha mwenzenu aongeze ya tatu. Anayeweza kuifuata besi ya Sontonga kutoka mwanzo hadi mwisho hana sababu ya kuiogopa okestra, kwa kuwa sikio linalohitajika ni lile lile, ila sauti za kufuatwa ni nyingi zaidi.

Kutoka hapo huwapeleka wanafunzi wangu kwenye Sonata ya mtunzi Mjerumani Beethoven ya fidla na piano, Opus 47 (yaani kazi namba 47 katika orodha yake), kwa sababu ndiyo kazi inayofundisha vizuri zaidi namna jina linavyoweza kufutika. Mpiga fidla aliyeizindua Vienna tarehe 24 Mei 1803, Beethoven mwenyewe akiwa kwenye piano, alikuwa George Bridgetower, aliyezaliwa Poland mwaka 1778, baba yake akiwa mtu mweusi na mama yake Mzungu. Nota zilikuwa hazijamalizika kunakiliwa, ikabidi Bridgetower aisome sehemu ya pili moja kwa moja kwenye mswada wa mtunzi. Katika kumbukumbu aliyoiacha mwenyewe, anaeleza kwamba alifika mahali katika sehemu ya kwanza ambapo piano ilikuwa na kipande cha kupiga peke yake, akakijibu papo hapo kwa fidla bila kuandikiwa, na Beethoven akainuka kitini, akamkumbatia na kumtaka arudie. Baadaye wawili hao walikosana. Sonata ilipochapishwa, Beethoven alikuwa ameitabarukia kwa Rodolphe Kreutzer, mpiga fidla wa Paris, na tangu hapo dunia nzima huiita kwa jina la mtu ambaye hakuwahi kuipiga hadharani. Jina lililochapishwa juu ya karatasi lisiwatoshe kamwe. Ulizeni ni nani aliyeishika ala siku ile.

Hapo hapo nawatahadharisha na madai yanayozunguka kwenye makundi ya simu kwamba Beethoven alikuwa Mwafrika. Hakuna hati inayothibitisha hilo. Mimi huona ajabu kwamba watu huhangaika kumgeuza Beethoven ilhali Bridgetower, ambaye asili yake haina shaka yoyote, amesimama kando yake kwenye jukwaa lile lile akisubiri kuulizwa habari.

Vivyo hivyo msikubali haraka lile jina la utani la “Mozart mweusi” ambalo Joseph Bologne, aliyejulikana kama Chevalier de Saint-Georges, amebandikwa. Alizaliwa Guadeloupe mwaka 1745, mwana wa mwenye shamba Mfaransa na mwanamke mtumwa aliyeitwa Nanon, na kwa hiyo alimtangulia Mozart kuzaliwa kwa miaka kumi na mmoja. Okestra aliyoiongoza Paris ndiyo iliyomwagiza mtunzi Haydn zile simfonia (kazi ndefu za okestra zenye sehemu kadhaa) sita zinazoitwa za Paris, namba 82 hadi 87. Hata hivyo jina lake lilipopendekezwa mwaka 1776 kuongoza Opera ya Paris, waimbaji mashuhuri wa kike walimwandikia malkia kukataa kuamriwa na chotara. Msikilizeni kwanza katika konseto zake za fidla, yaani kazi za fidla ikisindikizwa na okestra, ambamo mkono wa kulia wa mpigaji hufanya kazi ngumu kweli kweli. Alikuwa pia bingwa wa upanga, ingawa nadhani habari za upanga zimemfunika mno.

Sasa nifike kwa Florence Price, ambaye kwa maoni yangu ndiye mtunzi anayemfaa zaidi mwanakwaya wa Dar es Salaam. Alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, na tarehe 15 Juni 1933 Okestra ya Simfonia ya Chicago ilipiga Simfonia yake ya Kwanza, ikawa mara ya kwanza kwa okestra kubwa ya Marekani kupiga simfonia ya mwanamke mweusi. Ichukueni simfonia hiyo polepole, sehemu moja kwa wiki. Sehemu ya kwanza hufunguliwa na basuni, ala ya kupuliza yenye sauti nzito, inayoimba wimbo ambao mtu aliyelelewa na nyimbo za kiroho ataupokea mara moja. Sehemu ya pili ndiyo nitakayowaombea subira: ala za matarumbeta zinaingia kwa pamoja kama kwaya inayoanza tenzi, taratibu, zikijibiwa na ala za mbao za kupuliza, huku ngoma ikipigwa kwa chini. Kama mmewahi kusimama karibu na bendi ya matarumbeta ya kanisa ikipiga ibada ya asubuhi, hamtahitaji maelezo yangu. Sehemu ya tatu inaitwa Juba, ngoma ya watumwa ambao, waliponyimwa ngoma zao, walizihamishia kwenye viganja, mapaja na vifua. Fuateni mahali ambapo melodia inaangukia nje ya pigo, kisha pigeni makofi pale ambapo besi inakanyaga. Price alifariki mwaka 1953, na kazi zake nyingi zilidhaniwa zimepotea hadi mwaka 2009, miswada yake ilipokutwa katika nyumba iliyotelekezwa St. Anne, Illinois. Katika barua aliyomwandikia kiongozi wa okestra Serge Koussevitzky mwaka 1943 alisema wazi kwamba ana vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake.

Samuel Coleridge-Taylor, Mwingereza ambaye baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone, namtaja kwa upande wa fedha. Kantata yake (kazi ya kwaya na okestra) ya Hiawatha ya mwaka 1898 iliimbwa na kwaya nyingi mno Uingereza na kuuza nakala kwa mamia ya maelfu, lakini yeye alikuwa ameiuza moja kwa moja kwa gini (fedha ya zamani ya Uingereza) kumi na tano, akafariki mwaka 1912 akiwa na miaka 37 bila kupata mgawo wa mauzo yale. Ninyi mnaotunga, someni mkataba kabla ya kutia saini.

Kwa upande wa jazi, msitegemee kwamba mtasikia kitu kinachofanana na Western Jazz au Morogoro Jazz; bendi zetu zilichota zaidi kwenye rumba ya Kuba na Kongo. Mlango mzuri kwa msikilizaji wa Kiswahili ni albamu ya Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York Novemba 1960, yenye maneno ya mshairi Langston Hughes. Mtasikia Kiswahili kikinenwa na Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, mwaka mmoja kabla ya uhuru wa Tanganyika. Serikali ya makaburu Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo. Aliyeupanga muziki wote ule kwa ajili ya kundi kubwa la wapigaji alikuwa mwanamke, Melba Liston, mpiga tromboni, na hapa ndipo desturi ya kuwafuata watu walioizunguka kazi inapolipa, kwa maana mkimsaka Liston mtafika kwa mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, ambaye Liston alipiga katika bendi yake. Baada ya hapo mfikieni mpiga piano Herbie Hancock, ambaye akiwa na miaka 11 alipiga Mozart na Okestra ya Chicago, ile ile iliyokuwa imepiga simfonia ya Price, na ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliongoza kundi lililojipa majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, na Eddie Henderson wa tarumbeta, aliyekuwa daktari kwa taaluma, akawa Mganga.

Yaliyobaki ni ya vitendo. Msisikilize kwa spika ya simu. Inakata besi na ngoma, na mkikosa hizo katika Price au Weston mmekosa zaidi ya nusu. Visikilizia vya bei ya chini vya Kariakoo vinatosha. Pakueni kazi mara moja mahali penye waifai badala ya kumaliza bando kwa kuirudia mtandaoni. Nota za Saint-Georges na Coleridge-Taylor zinapatikana bure katika maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, kwa kuwa haki zake zimekwisha muda. Za Price ni jambo jingine, kwa sababu haki za kazi zake zilichukuliwa na kampuni ya G. Schirmer mwaka 2018, na mwalimu wa kwaya anayetaka kuziimbisha ahakikishe ruhusa kwanza. Mkishapata nota za sauti nne, zihamishieni kwenye tonik solfa ninyi wenyewe hata kama kuna programu ya kufanya hivyo, maana mkono unaoandika hulazimisha sikio kuuliza kila sauti inakwenda wapi. Na katika karatasi ya ratiba ya onyesho, andikeni jina kamili la mtunzi, mwaka wa kazi, jina la aliyeipanga, na jina la aliyeigeuza kuwa solfa.