Barua kwa mwanangu: injini ya babu ising'olewe

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, baba. Huku Temeke hatujambo sote. Mvua imetufungia ndani tangu juzi, na ndiyo imenipa nafasi ya kukujibu kwa kirefu.

Ujumbe wako nimeusoma, na picha nimezitazama moja moja. Unauliza kama yule fundi amesema kweli kwamba ile pikipiki ya babu yako, Honda CG125, iliyosimama chini ya mwembe kule Kunduchi miaka yote hii, injini yake imekwisha, bora iuzwe chuma chakavu na pafungwe injini mpya ya Kichina. Hapana, mwanangu. Fundi huyo hakuifungua. Injini haijulikani kwa kutazama kutu ya ekzosi.

Nikwambie kwa nini naitetea. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi kama yetu, ambako pikipiki inabeba watu na magunia, na oili inabadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Pikipiki zao nyingi ndogo za wakati ule zilikuwa na kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, juu kwenye silinda hedi, ikizungushwa na cheni, na huko juu ndiko oili chafu inakoanzia kula chuma. Kwenye CG wakaishusha kamshafti chini na kuweka fimbo mbili za kusukuma valvu. Hakuna cheni ya taimingi ya kulegea. Wachina nao walipotafuta injini ya kuiga, waliiga hiyo. Injini nyingi za Kichina za sisi 125 na 150 unazozisikia kwenye bodaboda kuanzia Mbagala hadi Bunju zimetokana na mchoro huo. Yaani unaambiwa umtupe mzazi ukamchukue mjukuu.

Undugu huo unakufaa pia. Sili, gaskiti, klachi na ringi za pistoni utazipata Kariakoo bila kuagiza mbali, na Pakistani bado wanaiunda CG125 kwa mtindo wa zamani. Ila nimeuza spea miaka mingi na hili nalisema kwa uhakika: si kila cha Kichina kinakaa kwenye Honda. Usinunue kwa jina. Nenda na kile cha zamani mkononi, ukilinganishe na kipya palepale juu ya kaunta, tundu kwa tundu.

Kilichomtisha fundi nakielewa. Kunduchi kaskazi ikivuma inatoka baharini, na kusi nayo inatoka baharini. Chumvi inatua kwenye chuma, unyevu wa usiku unaikuta hapohapo. Pikipiki hiyohiyo ingeachwa Dodoma, leo ungekuta vumbi zaidi kuliko kutu. Lakini angalia chumvi imekula wapi: spoku, rimu, ekzosi, cheni, tenki. Injini imefunikwa na aluminiamu, na ule unga mweupe uko juujuu. Maji yanaingia ndani yakipata mlango, na katika picha ya upande wa kulia naona plagi bado imefungwa na kabureta iko mahali pake. Hiyo ni dalili njema. Mlango uliobaki ni ekzosi. Ichungulie, dondora hupenda kujenga nyumba zao za udongo humo.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoua injini iliyokuwa hai. Usipige kiki. Ukitumia nguvu za mguu wakati ringi zimeshikana na ukuta wa silinda, utavunja ringi au meno ya gia ya kiki, na hapo fundi atakuwa amepata alichokitaka. Toa plagi. Mimina ndani ya tundu lake mchanganyiko wa dizeli na oili, nusu kwa nusu, vijiko vichache tu, kisha uache siku kadhaa. Ongeza ukiona umepotelea chini. Baadaye weka gia ya juu kabisa, nyanyua tairi la nyuma, ulisukume taratibu mbele na nyuma kwa mkono. Ikisogea hata kidogo, usishangilie kwa kuizungusha kwa nguvu. Ongeza mafuta, rudi kesho. Isiposogea kabisa baada ya hapo, fungua hedi na silinda uone kwa macho. Silinda ikiwa imeliwa, inachongwa kwa mashine na kuwekewa pistoni ya oversaizi, yaani kubwa kidogo. Kazi hiyo inafanyika Dar kila siku, na injini inabaki ileile.

Kabla ya kuiwasha, mwaga oili yote ya zamani, na usiishie hapo. CG haina filta ya karatasi. Ina chujio la wavu, na ina kikombe kinachozunguka nyuma ya kava la klachi, kinachorusha uchafu pembeni na kuushikilia. Mafundi wengi hawakifungui. Kifungue, ukwangue ule ugumu wote uliojazana, kisha ndipo utie oili mpya. Injini nzima inataka kama lita moja tu, na hiyo lita ndiyo inayolainisha gia na klachi pia. Ikichafuka, vyote vinaumia.

Tenki linanipa wasiwasi kuliko injini. Umeniandikia kwamba lina tundu dogo chini na fundi anataka kulipiga welding. Asiliguse na moto! Tenki lililokauka petroli ndilo la hatari zaidi, kwa sababu mvuke unaobaki umechanganyika na hewa, na cheche moja inatosha kulipasua usoni mwa mtu. Lioshwe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, mara nyingi. Kisha tia siki, pamoja na nati chache za kukwangua, utikise, uache usiku kucha. Ukishamwaga, suuza kwa maji yenye soda ya kuokea ili ukali wa siki ufe, ulikaushe siku hiyohiyo na kulipaka oili kwa ndani, maana chuma kitupu cha Dar kinaanza kutu upya kabla ya jioni. Tundu lipelekee mtu anayeziba matenki kwa risasi ya kuyeyusha na anayejua kuyaandaa. Kama hayupo, tafuta tenki jingine. Tenki linanunuliwa.

Kabureta utaikuta imeganda gundi ya petroli ya zamani. Ioshe, zibua jeti, vile vitundu vyembamba vya kupitishia petroli, kwa uzi mmoja wa waya laini wa shaba, usitumie sindano. Moto wa plagi kwenye pikipiki hii unatoka kwenye magneto, inayozalisha umeme injini ikizunguka, kwa hiyo itawaka hata bila betri. Na kabla ya kununua betri au taa, soma balbu ya zamani: CG za mwanzo zilikuwa za volti 6.

Tairi na tyubu tupa, hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado zinaonekana. Mpira ulioanikwa juani hivyo utakuangusha. Spoku zigonge moja moja kwa spana na usikilize: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa mlio mfu. Ukifungua breki, usipulize lile vumbi la ngoma, kwani breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Futa kwa kitambaa kilicholowa, ukitupe.

Rangi iwe ya mwisho, na kama utaniuliza mimi, ile nyekundu ya tenki chini ya mkono wa babu yako pale alipokuwa akiliegemea, ningeiacha kama ilivyo.

Kuna jambo la kadi. Kadi ya usajili ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ukifunga injini nyingine, namba hazitalingana, na itabidi uende kueleza TRA. Kadi ya babu ni ya kabla ya TRA wenyewe kuanza kazi mwaka 1996, na jina bado ni lake, hivyo kulihamisha kunapitia kwa msimamizi wa mirathi. Mjomba wako ndiye anayeshika karatasi hizo. Mwendee kwa adabu, umweleze nia yako kabla hujatumia shilingi.

Futa ubavu wa injini kwa brashi, upige picha namba yake unitumie, nikipita Kariakoo niulizie seti ya gaskiti na sili. Na ukishamimina mafuta kwenye silinda, ziba tundu la plagi kwa kitambaa safi.

Mama yako