Jibu la Msomaji: Starehe ya Riwaya Ndiyo Inayojenga Mazoea

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: “Kusoma riwaya kunamjengea mtu tabia njema, au ni starehe ya kupitishia muda tu?” Mimi nasema ni starehe, na kwa kuwa ni starehe ndiyo maana inafaa sana kujifunzia mazoea. Anayeanza kukimbia asubuhi kuelekea mlima Mlimwa huumwa mapaja wiki nzima kabla hajaona faida yoyote. Anayeweka akiba haoni kitu mpaka miezi ipite. Msomaji wa riwaya hulipwa usiku uleule: mtu kafumaniwa, barua imepotea, naye anataka kujua kitakachofuata. Jambo linalolipa papo hapo hushika upesi, na ukishajua lilivyoshika, unaweza kutumia njia ileile kwa mambo yasiyo matamu.

Nisieleweke kwamba nauza dawa. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa David Comer Kidd na Emanuele Castano uliodai kwamba kusoma hata kipande kifupi cha hadithi ya kifasihi kunamwongezea mtu uwezo wa kuzitambua hisia za wenzake. Habari ikasambaa. Mwaka 2016 watafiti wengine walirudia jaribio hilo na hawakupata matokeo yale. Kwa hiyo anayewaambia vijana wasome riwaya ili wawe watu wema anawaahidi asichonacho mkononi. Ninachoweza kukitetea ni kidogo zaidi. Riwaya ndefu inakuonyesha mtu anavyoharibikiwa taratibu, kwa uongo mdogo, deni dogo, ahadi aliyoiahirisha, na unakaa naye kurasa mia mbili ukiyaona yote yakijikusanya. Hotuba haina nafasi hiyo.

Kikwazo cha kwanza tulikipata shuleni. Wengi wetu tulikutana na riwaya kwa ajili ya mtihani: dhamira, ujumbe, migogoro, tamathali za semi. Wapo ambao hata kitabu chenyewe hawakukigusa, walisoma mwongozo wenye maswali na majibu wakafaulu. Mtu wa namna hiyo akifungua riwaya ana miaka thelathini na tano, bado anawinda dhamira tangu ukurasa wa kwanza, na kufika wa nane ameshachoka. Basi kitabu cha kwanza kisome bila kalamu. Usipigie mstari chochote, usijiulize mwandishi anatufundisha nini. Jiulize tu huyu dada atatoka vipi humo alimoingia.

Kitabu hicho kiwe chembamba, kurasa 120 hadi 180, herufi zisiwe za kukodolea macho, na kiwe cha upelelezi au cha mapenzi. Wenye elimu ya fasihi watanuna, waache wanune. Ukiwa kwa muuzaji, soma kurasa mbili umesimama palepale: ya kwanza, na nyingine ya katikati. Ukurasa wa kwanza kila mwandishi hujitahidi, wa katikati ndio usemao kweli. Ukikuta mazungumzo ambayo hujui nani anasema, au aya tatu zinazorudia jambo moja, kirudishe mezani. Na ukifika ukurasa wa 40 hujali nani atapona na nani ataumia, kiache. Watu hukwama miezi kwa kuona aibu kuacha kitabu walichokilipia, na miezi hiyo hawasomi kingine.

Ukishazoea, panda kidogo. “Kuli” ya Adam Shafi, ya mwaka 1979, inakuingiza katika maisha ya makuli wa bandari ya Unguja hadi mgomo wa 1948, wala haihitaji mtu aliyesomea fasihi. “Peponi”, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobel mwaka 2021, ina sentensi za kwenda nazo taratibu. Hiyo iwekee akiba ya baadaye.

Sasa muda. “Nitasoma nikipata nafasi” ni sentensi inayoua usomaji nchi hii kuliko bei ya vitabu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alieleza mwaka 1999 kwamba nia hutekelezeka vizuri zaidi ikifungwa kwenye tukio: likitokea hili, nitafanya lile. Kwa msomaji iwe hivi: “Nikishaiweka simu kwenye chaji sebuleni, nitasoma kurasa tano kitandani.” Sentensi hiyo ina tukio linalotokea kila siku bila kukumbushwa, ina mahali, ina kiasi. Angalieni pia kwamba imeiacha simu chumba kingine. Saa ya ukutani ni kichocheo dhaifu, maana saa tatu usiku inaweza kukukuta bado uko njiani kutoka Mtumba, au unasubiri maji yajae kwenye ndoo. Baada ya swala ya Isha, baada ya kuosha vyombo, baada ya kufunga geti: hivi vinasogea pamoja na siku yako, ikichelewa vinachelewa nayo.

Kurasa tano ni kama dakika kumi kwa msomaji wa kawaida. Kitabu cha kurasa 150 kinaisha kwa mwezi. Mkinicheka kwa udogo wa kiasi hicho, hesabuni vitabu mlivyomaliza mwaka jana. Ukisoma zaidi, heri, ila kesho kiwango kibaki tano. Wengi huharibikiwa hapa: siku ya kwanza kurasa sitini, ya pili arobaini, ya tatu hamu imekwisha na kichwani kiwango kimeshapanda, kwa hiyo kurasa tano zinaonekana kama kushindwa, na kitabu kinahamia juu ya kabati.

Mtaambiwa siku 21 zinatosha kujenga tabia. Chanzo cha namba hiyo ni Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 kuizoea sura yao mpya. Neno “angalau” likadondoka njiani. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akijenga zoea moja la kula, kunywa au mazoezi ya mwili. Matokeo yakachapishwa 2010. Wastani wa kati ulikuwa siku 66, na makadirio ya mtu mmoja mmoja yalianzia siku 18 hadi 254, zile zilizozidi wiki 12 zikiwa za kukadiria kwa hesabu. Kunywa maji kulishika mapema kuliko mazoezi ya tumbo. La muhimu zaidi kwetu: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukirudi kutoka msibani saa saba usiku, lala. Usijilipishe kurasa kumi kesho yake. Deni la kurasa ni njia ya uhakika ya kuchukia kitabu.

Kuna ufundi mmoja ambao hausemwi vya kutosha, nao ni mahali pa kusimamia. Watu husimama mwisho wa sura kwa sababu panaonekana pamekatwa vizuri. Mwisho wa sura mambo yametulia, na palipotulia hapakuiti kesho. Simama katikati ya tukio: mlango unagongwa, hujajua nani anagonga, funga kitabu. Magazeti yetu yaliyokuwa yakitoa hadithi kwa mfululizo yaliijua siri hii, ndiyo maana neno “Itaendelea” liliwekwa pale mkono ukiwa umeshika kitasa. Kwa hadithi za kutisha au za kukimbizana tahadhari ni kinyume chake. Hizo usizisome kitandani kabisa, kwa sababu kurasa tano zitageuka themanini na kazini utafika umevimba macho. Ziweke safarini. Basi la Dar es Salaam halifai sana, macho yanasema umetulia huku sikio la ndani likihisi barabara, na kichefuchefu kinakuja. Treni ya SGR, inayofanya safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024, imetulia. Kwa takribani saa nne unaweza kwenda kurasa mia.

Jambo lingine linalowarudisha watu nyuma ni majina. Riwaya ya familia mbili ina watu kumi na tano, na ukiiacha siku tatu unarudi hujui Mzee fulani ni baba wa nani. Chukua kadi ya harusi iliyopita (nani nchi hii hana kadi za harusi?), ikunje, iwe alama ya ukurasa. Upande wa ndani andika kila jina jipya na maneno matatu: “mdogo wake Zena, mlevi.” Kufikia ukurasa wa 50 huihitaji tena, lakini zile kurasa 50 ndizo zinazowatoa watu.

Kwetu Dodoma kuna majira ya kuzingatia. Kwa anayelima Bahi, Kongwa au Chamwino, Desemba hadi Februari ni palizi, na jioni mwili hauna hata hizo kurasa tano. Sogeza usomaji uwe mchana, wakati wa kupumzisha jua. Kwa watumishi wengi, miezi ya Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, hali ni hiyohiyo: punguza ziwe kurasa mbili, usiache. Juni na Julai, usiku wa baridi na mavuno yameingia, ndipo pa kuanzia kama unataka kuanza vizuri.

Vitabu vyenyewe hapa vina maadui watatu: mchwa, vumbi na jua. Mchwa hupanda kutoka sakafuni kwa njia zao za udongo, kupitia ufa wa ukuta, wakala kitabu cha chini kabisa kwanza, tena kwa ndani, ukigusa jalada unaona kizima. Rafu isiguse ukuta, iache nafasi ya kupitisha mkono. Miguu yake isimame kwenye makopo yenye oili chafu kidogo, na kila wiki chungulia nyuma kama kuna mstari wa udongo. Vumbi la Julai hadi Oktoba lifute kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kibichi hugeuza vumbi kuwa tope kwenye ukingo wa kurasa. Jua na ukavu vinaikausha gundi ya mgongo, ndiyo maana vitabu vyetu huachia karatasi. Kitabu kipya usikivunje mgongo kwa kukifungua katikati kwa nguvu. Kilaze kwa mgongo, fungua kurasa chache za mwanzo, kisha chache za mwisho, zibonyeze taratibu, endelea hivyo hadi zikutane katikati. Karatasi zikiachia, paka gundi nyeupe ya mbao mstari mwembamba kwenye mgongo, rudisha karatasi sawasawa, funika, kandamiza kwa tofali lililofungwa kitambaa mpaka asubuhi. Selotepu usiiguse. Baada ya muda inageuka njano, inanata vumbi, na ukiitoa inaondoka na maandishi.

Kuhusu kuhamisha mazoea haya kwenda kwenye mengine, kuna jaribio la Katherine Milkman na wenzake wa Marekani, lililochapishwa 2014. Waliwapa watu riwaya za kusikiliza zenye kunasa, ila wengine waliruhusiwa kuzisikiliza gimu tu. Mwanzoni hao walikwenda mazoezini kwa asilimia 51 zaidi ya wasiopewa. Kisha faida ikapungua, hasa baada ya likizo ya Novemba. Hapo kuna mambo mawili ya kuchukua. Riwaya inaweza kuivuta kazi usiyoipenda, kama vile kupiga pasi nguo za wiki nzima huku mtoto wa darasa la saba anakusomea kwa sauti, naye anapata zoezi lake. Pili, likizo ndiyo inayobomoa. Kabla ya kwenda kijijini Krismasi, au Ramadhani inapobadilisha ratiba ya usiku, chagua mapema tukio jipya la kufungia kurasa zako, kwa mfano baada ya daku.

Bado siku moja ya hatari, nayo ni siku unayomaliza kitabu. Umefurahi, unasema utapumzika kidogo kabla ya kingine, na kupumzika huko hufika miezi mitatu. Kitabu cha pili kiwepo nyumbani kabla cha kwanza hakijafika ukurasa wa 100, na usiku uleule wa kumaliza soma ukurasa mmoja wa kile kipya. Si lazima ununue. Iko maktaba ya mkoa, wako wauza vitabu vya mitumba wanaovipanga chini pembeni ya barabara mjini, na wako wenzako wa kazini: watu wanne wakinunua kitabu kimoja kimoja na kubadilishana, kila mtu ana miezi minne ya kusoma. Andikeni jina la mwenye kitabu ndani ya jalada, na tarehe ya kuazima kwenye daftari la mmoja wenu, maana vitabu vya kuazimana hapa mjini vina tabia ya kuhamia Singida.

Msomaji,
Kizota, Dodoma